Mkate Umeingia Mdomoni, Kisha Nini?

Kwa muda mrefu nilikuwa nayapata maswali ya ugonjwa wa siliaki bila kuujua ugonjwa wenyewe. Mwanamke wa miaka 38 anachoka bila sababu, damu imepungua, madini ya chuma yako chini, tumbo linajaa gesi, dada yake ana kisukari aina ya kwanza. Kipimo gani kifuate? Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye jibu, tTG ya IgA, kabla macho hayajafika mwisho wa swali. Nikiona neno “gesi” na neno “chuma” karibu karibu, nimemaliza.

Mtihani niliokuwa najiandaa nao ni PLAB, ule ambao madaktari waliosomea nje ya Uingereza huufanya wapate kusajiliwa kule. Sehemu ya kwanza ina maswali 180 kwa saa tatu. Dakika moja kwa swali inatosha kutambua sura ya ugonjwa, haitoshi kukaa na kuufikiria, kwa hiyo wengi wetu tunajiandaa kwa kukariri sura. Nami nimelelewa na desa: daftari la mtu aliyefaulu linatolewa fotokopi kwenye vibanda vya nje ya geti la chuo, linapita mkono hata mkono, miaka inakwenda, na makosa ya mwenye daftari yanakwenda nalo. Desa la siliaki lilikuwa nusu ukurasa. Ngano, shayiri, rai. HLA-DQ2 na DQ8. tTG. Upele wa viwiko. Bandama kunywea. Limfoma. Vyote vimepangwa foleni, hakuna kinachokijua chenzake.

Tena niliuona kuwa ugonjwa wa watu wa mbali. Katika miaka yangu ya wodini Mwanza sikuwahi kukuta jina hilo kwenye faili la mgonjwa. Mtoto akiharisha wiki kadhaa, amekonda, tumbo limetuna, kichwa changu kilikwenda kwenye jiardia, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, VVU, au utapiamlo wa kawaida wa nyumba isiyo na chakula. Mara nyingi kilikwenda mahali sahihi.

Kilichonitikisa ni maswali ya mazoezi yaliyogeuzwa kidogo tu. Mwanamke ni yule yule, lakini tTG yake imerudi hasi, na historia inasema ameugua nimonia mara kadhaa. Sasa? Au ameacha mkate miezi mitatu iliyopita kwa ushauri wa jirani, anajisikia nafuu, anataka kupimwa. Sasa? Au chuma kiko chini, folati iko chini, vitamini B12 iko sawa: ni sehemu ipi ya utumbo iliyoumia? Hapo desa lilinyamaza.

Nilikuwa nasoma kwa simu na dada mmoja wa Muleba aliyenitangulia chuoni, ambaye sasa yuko hospitali moja kaskazini mwa Uingereza. Akitoka zamu ya jioni, huku kwetu ni usiku mkubwa. Nilimsomea swali la B12 kisha nikaanza kumtajia orodha yangu. Akanikatiza.

“Mdogo wangu, funga daftari. Mtu ana kipande cha mkate. Kimeingia mdomoni. Kisha nini?”

“Dada, muda wenyewe ndio huu.”

“Kisha nini?”

Nikaanza kusimulia. Nikikwama, ananyamaza upande wa pili mpaka nijikwamue, na bando linakwenda. Usiku ule hatukutoka kwenye siliaki, na kwa kweli sikuwahi tena kusoma ugonjwa wowote kwa namna ya zamani.

Unga wa ngano una protini inayoufanya uvutike ukikandwa. Hiyo ndiyo gluteni, na ndiyo inayomwezesha mpika chapati kusukuma duara jembamba lisilopasuka. Jaribu kwa unga wa mahindi uone. Ndani ya gluteni kuna gliadini, ambayo imejaa amino asidi za aina mbili, prolini na glutamini. Vimeng'enya vyetu vya tumboni na vya kongosho havina ustadi wa kukata mahali palipojaa prolini. Protini ya nyama au ya maharage inasagwa mpaka vipande visivyo na habari. Gliadini inaacha vipande virefu. Kimoja ambacho kimechunguzwa sana kina amino asidi 33. Mambo haya hutokea kwa kila mla mkate, mzima na mgonjwa, na mzima hayamdhuru.

Kwa mgonjwa, kipande kikishapenya ukuta wa utumbo mwembamba kinakutana na tTG. Jina hili nilikuwa nalijua kama jina la kipimo tu. Kumbe ni transglutaminasi ya tishu, kimeng'enya cha mwili wenyewe, na kazi yake ya kila siku ni kushikamanisha protini pale tishu inapojikarabati. tTG inaichukua glutamini ya kile kipande na kuigeuza kuwa asidi ya glutamiki. Badiliko ni dogo, lakini sasa kipande kina chaji hasi, na kwa chaji hiyo kinakaa barabara kwenye protini za HLA-DQ2 au DQ8 zilizo juu ya seli za kinga. Asiye na DQ2 wala DQ8 hana pa kukikalisha. Ndiyo maana kuzikosa zote mbili karibu kunaufuta ugonjwa kabisa, ilhali kuwa nazo hakuthibitishi kitu: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, asilimia 30 hadi 40 wanazo, na wanaougua ni kama asilimia 1 ya watu wote. Namba hizo mbili nilikuwa nazo kichwani siku zote bila kujiuliza zinakaaje nyumba moja.

Seli T zikishaonyeshwa kipande kilichokaa hivyo, zinakitambua kama adui na kuwasha moto. Vinyweleo vinavyofunika ukuta wa utumbo, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, vinaliwa na moto huo mpaka ukuta unabaki bapa, kama taulo lililofuliwa miaka mingi likabaki kitambaa. Vishimo vilivyo chini yake vinarefuka, kwa sababu utumbo unahangaika kuzalisha seli mpya. Wakati huohuo seli B, zikisaidiwa na seli T zilezile, zinatengeneza kingamwili dhidi ya gliadini na dhidi ya tTG yenyewe, kwa kuwa viwili hivyo vilikamatwa vikiwa vimeshikana. Ndipo nikaelewa kwa nini mtu anayeugua kwa sababu ya ngano anapimwa kingamwili dhidi ya kitu cha mwili wake mwenyewe. Uhusiano huo wa tTG na siliaki ulitambuliwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 1997. Si zamani. Waalimu wengi walionifundisha walikuwa wameshamaliza chuo.

Baada ya hapo maswali yakaanza kujijibu, na hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote.

Mkate unapotoka tumboni unaingia kwanza kwenye duodeni, kwa hiyo hapo ndipo moto unapowaka zaidi. Chuma hufyonzwa duodeni. Folati na kalsiamu hufyonzwa sehemu za juu za utumbo mwembamba. B12 husubiri mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, mbali na moto, kwa hiyo mara nyingi husalimika, ingawa si kila mara. Kalsiamu na vitamini D zikikosekana, mifupa inadhoofika. Mwanamke wa miaka 45 anayevunjika mkono kwa kujikwaa anaweza kuwa ni huyohuyo wa gesi na uchovu. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vinyweleo. Ncha zikifutika, maziwa yanamkataa, na daktari mwenye haraka anamwambia aache maziwa kisha anafunga faili.

Aliyeugua nimonia mara kwa mara? Kipimo kinatafuta kingamwili za aina ya IgA. Wapo watu ambao mwili wao hautengenezi IgA kabisa, nao wanapatikana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa siliaki, kama 2 au 3 kwa kila 100. Kwa watu hao tTG ya IgA itarudi hasi hata utumbo ukiwa umebomoka. Kwa hiyo jumla ya IgA hupimwa pamoja, na ikikosekana, zinatafutwa kingamwili za IgG. Aliyeacha mkate naye nilimwelewa hapohapo: umeondoa kuni, moto umefifia, kingamwili zimeshuka, vinyweleo vimeanza kuota. Utapima nini? Mwongozo wa Uingereza unamtaka arudi kula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 angalau, ndipo apimwe. Desa langu lilikuwa nayo hiyo “wiki 6”, lakini ilikuwa imekaa peke yake pembeni, mwandishi hakusema wiki sita za nini.

Kwa mtu mzima, damu ikiwa chanya, kwa kawaida kamera huingizwa na vinyofoo kadhaa huchukuliwa kutoka duodeni, vinne au zaidi, kwa sababu uharibifu huja kwa mabaka na kinyofoo kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya inaruhusu kutochukua kinyofoo iwapo tTG imepita mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida na kingamwili ya pili, ya endomisiamu, imekuwa chanya katika damu iliyotolewa siku nyingine. Watunga maswali wanaipenda tofauti hiyo.

Si kila kitu kilikubali kuingia kwenye hadithi ya mkate. Upele wa viwiko, magoti na matako, unaowasha mno, uliingia vizuri: ngozi ina transglutaminasi yake, ndugu wa ile ya utumbo, nayo hushambuliwa. Limfoma ya utumbo iliingia pia, kwani seli T zilizochokozwa miaka na miaka zinaweza kuasi. Bandama kunywea niliiacha kwenye orodha, nikaikariri kizamani pamoja na chanjo ya nimokoka inayotokana nayo. Sioni aibu. Kukariri kuna mahali pake, hasa saa nane za usiku.

Dada alinipa na kazi ya nyumbani: nisome jinsi ngano ilivyojulikana kuwa ndiyo mkosaji. Nilidhani ananipotezea muda. Samuel Gee, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888, akasema kama kuna tiba basi itapatikana kwenye chakula, lakini hakujua chakula gani. Alikuwa na mtoto aliyestawi kwa kulishwa kome wa Uholanzi, msimu wa kome ulipokwisha akarudi kukonda. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaja na tiba ya ndizi. Watoto walilishwa ndizi kwa wingi, wakakatazwa mkate, nafaka na viazi, nao wakapona. Haas akazisifu ndizi. Mimi ni mtu wa Bukoba, na nakiri nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Bibi yangu angesema hakuhitaji daktari wa New York amweleze kuwa ndizi ni chakula cha watu. Lakini sifa ilikuwa ya kile kilichoondolewa sahanini, si ya kile kilichowekwa.

Aliyeliona hilo ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Katika baa la njaa la mwaka 1944 na 1945, chini ya Wajerumani, mkate ulitoweka nchini kwake. Watoto wenzao walidhoofika, wale wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Aliwasilisha tasnifu yake Utrecht mwaka 1950. Nimewahi kukaa wodini kipindi cha njaa, na sijui kama ningekuwa na jicho la kumtazama mtoto mmoja anayenenepa wakati wote wanakonda, nikauliza amekosa nini badala ya amepata nini.

Mama yangu aliponipigia Jumapili, akaniuliza nasoma nini, nikamsimulia mkate kama nilivyofundishwa. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi. Kisha akauliza: “Sasa baba, mtu huyo anakula nini?” Nikamwambia ndizi, ugali, wali, muhogo, viazi, maharage, samaki, ulezi, mtama. Akasema, “Basi huyo si mgonjwa, huyo ni mtu wa zamani.” Halafu akanyamaza kidogo. “Na ekaristi?”

Swali hilo sikulikuta kwenye kitabu chochote cha mazoezi, na ni swali zuri kuliko mengi niliyoyakuta. Hostia ni ngano. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, ila linaruhusu yenye gluteni kidogo sana, au muumini apokee divai peke yake. Mgonjwa wa Kagera ambaye hajaambiwa hivyo atachagua kati ya utumbo wake na altare, na hatamwambia daktari amechagua nini.

Tangu hapo nimekuwa nikitembeza macho kwenye meza za kwetu kwa namna nyingine. Ugali wenyewe hauna neno, lakini unga unasagwa wapi? Mashine inayosaga ngano asubuhi na mahindi mchana inaacha ngano kwenye mahindi, na kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo. Uji wa lishe, ambao kliniki zetu huwasifia akina mama, mara nyingi huchanganywa na ngano. Kitumbua ni mchele, hakina shida. Andazi lililokaangwa kabla yake kwenye mafuta yaleyale lina shida. Boko boko la Zanzibar ni ngano tupu na nyama. Bia nyingi ni shayiri. Mgonjwa wa Uingereza anasoma lebo dukani. Wa kwetu anakula kwa mama ntilie, na mama ntilie hana lebo.

Hapa sitaki kueleweka vibaya. Sijarudi wodini nikiwaona wagonjwa wa siliaki kila kona. Mwanamke mwenye upungufu wa damu Mwanza bado nitamuuliza hedhi, uzazi, minyoo ya safura, malaria na kichocho kabla ya mkate, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopo. Wala sipendi mtindo unaoingia mijini wa watu wazima wenye afya kuacha ngano kwa sababu mtu fulani mtandaoni tumbo lake limepungua. Wakija kuugua kweli, vipimo vyao vitakuwa vimeshafutwa. Ila pia siamini tena kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Miongoni mwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya asilimia 5, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya, kwa jamii iliyokuwa ikiishi kwa maziwa ya ngamia kabla ya unga wa ngano kuwa chakula chake kikuu. Kwetu nako chapati ya Krismasi imekuwa chapati ya kila asubuhi.

Mtihani nilifaulu. Masharti yake yanakataza kusimulia maswali yaliyotoka, nami sitasimulia. Kwa sababu za kifamilia sijaondoka bado, na kliniki yangu ya sasa ni ya watoto wenye kisukari.

Miongoni mwao yuko binti wa shule ya msingi mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye alikuwa hakui. Vidonge vya kuongeza damu alivimeza kwa uaminifu, damu haikupanda. Choo kilipimwa, minyoo hakuna, VVU hana. Kilichonifanya nisimame ni sukari yake kushuka ovyo baada ya kula ilhali insulini haijabadilika. Zamani ningemshuku mama yake kwa kutofuata dozi. Safari hii nilijiuliza chakula kinaingia kweli mwilini au kinapita tu. Nikamweleza mama kuwa nataka kupima damu ya siliaki pamoja na jumla ya IgA, kwamba sampuli itasafirishwa nje ya mkoa, na kwamba kama ni chanya huenda tukahitaji kamera.

“Kwa hiyo daktari, ngano ndiyo inamuumiza?”

“Inawezekana, mama. Bado hatujui.”

“Basi naacha kumpa leo leo.”

“Hapana mama. Usiache kitu chochote sasa. Mpe chapati yake ya asubuhi kama kawaida, na andazi saa nne shuleni, mpaka tumalize vipimo vyote. Tukiacha leo, majibu yatatudanganya.”

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa amrudishe mtoto kwenye moto. Ikabidi nivute kiti, nichukue karatasi, nichore utumbo, na nianze: mtoto ana kipande cha chapati, kimeingia mdomoni.